Mama Aliyefukia Migomba

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: shamba lilipona? Kosa ni langu. Nikiwa njiani niliwatumia ujumbe kwamba huko Ngara kuna mjane ambaye migomba yake yote itang'olewa kwa sababu ya hadithi, kisha simu ikaisha chaji nami nikanyamaza. Basi nawasimulia wote kwa pamoja. Lakini nitaanzia mwanzo, kwa sababu sikwenda kule kwa ajili ya shamba. Nilikwenda kwa ajili ya hadithi.

Mnajua ugonjwa wangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika makala, ambazo mnazisifu bila kuzisoma, kuhusu namna hadithi zinavyoingia kwenye sheria. Nashikilia kwamba viongozi wetu hawaamui kwa takwimu. Takwimu huja baadaye, kama wapambe, kumsindikiza bibi harusi ambaye ameshachaguliwa. Nilikuwa naamini hivyo bila ya kuwahi kumwona huyo bibi harusi kwa macho.

Nikamwona Mwanza, kwenye kongamano moja la kilimo nililoalikwa nadhani kimakosa. Asubuhi nzima wataalamu walibishana juu ya mnyauko, ule ugonjwa unaogeuza majani ya mgomba kuwa manjano na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa. Upande mmoja ulisema ukiona mgomba mgonjwa ukate huo huo, uufukie, uangalie wenzake. Upande wa pili ulisema ng'oa shamba zima. Kila upande ulikuwa na michoro yake ukutani. Ndipo afisa mmoja akasimama nyuma, akasema, "Ngojeni niwape kisa."

Mama mmoja, akasema, mgomba wake uliugua. Badala ya kutoa taarifa, alisubiri jioni, akaukata, akauburuta juu ya kipande cha bati alichokifunga kamba, akaufukia karibu na njia ya kwenda kisimani ili asijulikane. Msimu uliofuata kijiji kizima kilikuwa hakina hata mkungu mmoja.

Tuliporudi kutoka kunywa chai, upande wa kwanza haukuwepo tena. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, lakini hoja yao ilikuwa imekufa. Pendekezo likapita: shamba zima ling'olewe.

Nilimkimbilia afisa yule mlangoni. Huyo mama ni nani? Anaishi wapi?

"Aa, mimi niliambiwa tu," alisema. "Ni huko Biharamulo. Runazi, nadhani."

Kesho yake asubuhi nilikuwa stendi.

MWANZA HADI BIHARAMULO

Siwezi kukaa kitini. Mke wangu anasema nilizaliwa nimesimama. Basi fikirini nilivyokuwa basi lilipoharibika mbele ya Geita, dereva na utingo wakaingia chini yake, na miguu yao ikabaki nje. Abiria wengine walishuka, wakatandika kanga kivulini, wakatoa mihogo ya kuchemsha. Mimi nililizunguka basi. Nikalizunguka tena. Nikainama kuangalia miguu ya utingo kana kwamba ningejua chochote.

"Baba," mama mmoja mwenye tenga la vifaranga aliniita, "hebu kaa. Gari haliponi kwa kuzungukwa."

Nilikaa. Alinipa kipande cha muhogo na kuniuliza ninaenda kwenye msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, ninakwenda kutafuta hadithi. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea kipande cha pili.

Biharamulo tulifika watu wakifunga maduka. Nililala kwa Mzee Salum, muuza vitambaa ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na bidhaa na hakushuka tena. Ana vyumba vya wageni nyuma ya duka, na kahawa chungu mbele yake, ambayo haiishi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafanya kazi gani?"

Nilimweleza kwa kirefu: uundaji wa sera, nguvu ya masimulizi, mambo hayo. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unafuata umbea."

"Kitaalamu, mzee."

"Haya. Utaupata. Lakini kila utakapofika utaambiwa umehamia mtaa wa pili. Hakuna mtu anayekubali kwamba jambo baya limetokea kwake." Akanimiminia kikombe kingine. "Hata babu yangu alisema alihama pwani kwa sababu ya tabia za majirani. Na majirani nina hakika wana lao la kusema."

RUNAZI, AMBAKO MIGOMBA ILIGEUKA MUHOGO

Mtendaji wa kijiji niliyemtaka alikuwa mazishini. Nikakaa kwenye benchi la duka dogo lenye kila kitu isipokuwa nilichokitaka, yaani kalamu. Pembeni akina mama walikuwa wakimenya mihogo. Mmoja wao, ambaye kwa macho yangu tulikuwa rika moja, aliniamkia "Shikamoo, baba," nami nikaitikia marahaba na moyo ukaniuma kidogo.

Niliwauliza kama wanamfahamu mama aliyeficha ugonjwa shambani.

"Yule wa bati!" walisema kwa pamoja.

Wakasimulia wakipokonyana maneno. Mama mmoja, muhogo wake ulipata ugonjwa wa michirizi. Akaung'oa jioni, akauburuta juu ya bati, akaufukia. Kijiji kizima kikala majani.

"Muhogo? Si migomba?"

"Migomba hapa iko wapi ya kuhadithiwa, baba? Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Muhogo, mahindi, maharage mpaka macho yanapoishia.

"Na ni wa hapa Runazi?"

Hapo visu vilisimama. "Hapa? Mungu atuepushe! Ni wa Nyabusozi."

Msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote, ambaye ndiyo kwanza ameolewa, ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Kwa sababu ya kisa kile, mkutano wao ulikataza kuleta vipando vya muhogo kutoka nje ya kijiji. Yeye alikuja kwa mumewe na mzigo wa vipando alivyopewa na mama yake mzazi, kama binti anavyopewa, vikachomwa moto njiani mbele ya macho yake.

"Ukimwona huyo mwanamke," aliniambia, "mwambie ananidai. Aa, hapana. Mwambie mimi namdai."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

NYABUSOZI

Mvua ilinishika njiani, na pikipiki ikatuangusha mahali ambapo dereva alisema ni pazuri zaidi kuanguka kuliko mbele. Nilifika nikiwa na tope upande mmoja tu, kama ukuta uliopigwa lipu nusu.

Huko Nyabusozi nilipelekwa kwa mzee mmoja anayenunua ndizi na kuzipeleka mnadani. Yeye alikijua kisa vizuri sana. Ila kwake mhusika alikuwa mwanamume.

"Mwanamke gani ataburuta mgomba, bwana? Alikuwa mwanamume mwenye wake wawili. Mkubwa alitaka watoe taarifa, mdogo akasema tufiche. Akamsikiliza mdogo. Si unaona?"

"Na bati?"

"Bati lilikuwepo. Bila bati angeuburuta na nini?"

Jamani, mimi nilikuwa na furaha isiyoelezeka. Zao limebadilika, jinsia imebadilika, wake wawili wameongezeka, lakini bati limevuka kila mpaka bila kukwaruzwa. Nilishaona kichwa cha makala. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama mtu huyo ni wa hapo.

"Sisi hapa ni watu safi. Ni Wahangaza hao, kule Ngara. Mabawe." Kisha, akifunga kamba ya mkungu, akasema kama anayetaja hali ya hewa: "Na sasa wanaanza kuitumia sheria yao ya kung'oa shamba zima. Alhamisi wana mkutano. Kuna mjane mgomba wake mmoja umeonekana na manjano. Watamng'olea lote. Mimi huwa nanunua kwake. Ana ndizi nzuri yule mama, na mumewe wamemzika humo humo shambani."

Hapo furaha yangu ilibaki imesimama kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi. Nililala vibaya, na alfajiri nilikuwa barabarani.

KUPANDA NGARA

Lakini barabara haina haraka na mtu. Nilikosa gari la kwanza kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuulizia gari la kwanza. La pili lilijaa. Malori ya kwenda Rusumo yalipita moja baada ya jingine, marefu, yamefungwa maturubai, na kila nililolipungia mkono lilinipigia honi kunishukuru kwa salamu.

Nilipopata gari hatimaye, lilisimama Nyakahura ili dereva ale. Nami nikaagiza ndizi.

"Za kupika au za kunywa?" mama ntilie aliniuliza.

Nikadhani ananitania, nikajibu za kunywa. Akaniletea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye povu, na mrija, saa ya watu kunywa chai. Dereva akacheka mpaka akaacha kijiko. Ili nisionekane mgeni nilikinywa nusu, na kwa hiyo vilima vyote vya kuingia Ngara nilivitazama kwa mapenzi makubwa kuliko vinavyostahili. Migomba ilikuwa kila upande sasa, imepanda mpaka juu ya vilele, na kila jani la manjano nililoliona lilinishtua.

Ngara mjini nilimpata Fidelis, mtu mzima mwenye pikipiki na kofia ya kanisani, mzaliwa wa pande za Mabawe. Nilimuuliza kama anamjua mama aliyeficha ugonjwa shambani.

"Kisa nakijua. Mwenyekiti wetu ndiye alikisema mkutanoni, siku tuliyopitisha sheria."

"Alisema ni nani?"

"Hakusema. Kwetu mtu hatajwi jina mkutanoni kwa jambo baya. Ni kumvunjia heshima. Unasema 'mmoja wetu'. Basi kila mtu akamtazama jirani yake." Akawasha pikipiki. "Tukapitisha kwa kelele. Hata mama utakayemwona, yule wanayetaka kumng'olea, alinyoosha mkono. Tena wa kwanza."

MABAWE

Mabawe ni kata; jina la kijiji chenyewe sitalitaja. Wao wenyewe wamenifundisha adabu hiyo, ingawa mtaona ilivyowagharimu.

Yule mjane anaitwa Mama Deo, kwa jina la mwanawe mkubwa aliye machimboni Geita. Anaishi na wajukuu katika nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote, mpaka ukiwa uani huioni njia uliyokuja nayo. Kaburi la mumewe liko kati ya mashina, limefagiliwa. Ule mgomba wenye manjano uko mwisho kabisa wa shamba, karibu na uzio. Aliuonyesha yeye mwenyewe kabla hata sijauliza, kama mtu anayemtaja mgonjwa wa nyumbani.

Alitupakulia ndizi na maharage. Fidelis alikula. Mimi nilizungumza. Nilikuwa nimekusanya kisa kwa vijiji vyote, na hakuna mzigo unaomwasha mtu kama kisa kilichokamilika. Nikamsimulia yote: muhogo wa Runazi, wake wawili wa Nyabusozi. Alicheka sana pale kwenye wake wawili.

"Na kote," nilimalizia kwa mbwembwe, "bati halibadiliki! Jioni, mgomba umekatwakatwa, umewekwa juu ya bati, kamba kiunoni, unaburutwa, unafukiwa."

Alikuwa ameacha kucheka.

"Kamba kiunoni?"

"Ndivyo wanavyosema Nyabusozi."

"Ulifukiwa upande gani?"

"Kwenye kisa cha Mwanza afisa alisema karibu na njia ya kwenda kisimani."

Aligeuza shingo polepole. Nami nikafuata macho yake. Nyuma ya jiko, kimeegemezwa ukutani, kulikuwa na kipande cha bati kilichokunjwa ncha moja, na kamba ya katani imefungwa kwenye matundu yake mawili. Nilikuwa nimekipita wakati wa kuingia. Nilikipita kwa sababu nilikuwa naongea.

Fidelis alisema kitu kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini. Mama Deo alinigeukia.

"Msimu wa mwaka juzi," aliniambia mimi, kwa Kiswahili kilichonyooka cha mtu aliyesoma shule ya misheni, "bwana shamba alikuja kanisani akatufundisha sote. Mgomba ukiugua, kata, katakata, fukia, usiache juu ya ardhi. Ukaugua mmoja. Nikakata. Toroli sina. Nilifanya jioni kwa sababu mchana nalima." Akaliangalia tena lile bati. "Kisa kiliposemwa mkutanoni, bila bati, nilimchukia sana yule mwanamke. Nilisema mtu gani anaweza kuwafanyia wenzake hivi. Nikanyoosha mkono."

Nilisogeza sahani yangu pembeni.

"Mkutano ni kesho," alisema. "Sasa nyie kuleni."

MKUTANO

Ulifanyika kwenye baraza la shule. Mwenyekiti, Bwana Stanslaus, mtu mpole mwenye sauti ya kuimba kwaya, alifungua kwa sala na kusema kwamba leo sheria yetu itatumika kwa mara ya kwanza, kwa mmoja wetu, na kwamba inauma lakini mnakumbuka kilichowahi kutokea. Watu waliguna. Walikumbuka. Kisha, kwa heshima ya mgeni, akaniita mimi niseme neno.

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilisema kwamba kisa kinaweza kuwa na ukweli na bado kisiwe kweli, kwamba sera ni lazima itofautishe tukio na tafsiri ya tukio. Mtoto mchanga alilia, nikasubiri, nikaendelea. Nilikuwa namlinda Mama Deo, au ndivyo nilivyodhani: nilikuwa nimeamua kutomtaja.

"Tunamshukuru sana mgeni wetu," alisema mwenyekiti. "Sasa, mwalimu, unasema tung'oe au tusing'oe?"

"Nasema tutafakari."

"Tutafakari tukiwa tumeshika majembe?" mtu mmoja aliuliza nyuma, na baraza zima likacheka, nami nikakaa.

Mama Deo alikuwa ameshasimama.

"Yule mmoja wetu ni mimi," alisema.

"Mama Deo," mwenyekiti alisema haraka, "hapa hatumtaji mtu."

"Nitajeni! Mmenificha vizuri mpaka nikajinyooshea mkono mwenyewe. Mngenitaja siku ile, ningejibu siku ile." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani aliniona?"

Mzee mmoja akasogeza fimbo yake. "Nilikuona mimi, shemeji. Nilikuwa natoka kisimani. Nikadhani unaficha."

"Ungebisha hodi tu, shemeji. Ungenikuta. Ungenisaidia kuvuta."

"Ilikuwa jioni."

"Jioni nyumba yangu haina mlango?"

Mama Deo akaendelea, bila kupandisha sauti. "Kanisani tulifundishwa sote. Kata, katakata, fukia. Mimi nilifukia. Nani mwingine humu alifukia?"

Hapo ndipo niliona jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kongamano lolote: watu zaidi ya mia wakitafuta kitu cha kutazama. Mmoja alikuwa ametupa migomba yake migonjwa bondeni. Mwingine, ikasemwa kwa mnong'ono, aliwalisha mbuzi. Mashamba yao yalikwisha. La kwake, aliyefukia, ndilo lililosimama mpaka leo, na ndilo lilikuwa ling'olewe.

Mwenyekiti hakuomba radhi. Alivua kofia, akaivaa. Wakabishana, tena kwa ukali. Kijana aliyepanda upya shamba linalopakana na lake alisema huruma haizuii ugonjwa, na kama manjano yakivuka uzio watoto wake watakula hadithi ya nani? Lilikuwa swali la haki. Mama Deo alimjibu kwamba yakivuka, atang'oa mwenyewe, aanze na migomba iliyo pembeni ya kaburi. Mwisho walikubaliana: lile shina lenye ugonjwa ling'olewe, na yanayoligusa, mengine yaangaliwe kila wiki na watu watatu, mmoja wao awe huyo kijana, na sheria yenyewe irudishwe mkutanoni kabla ya masika.

Basi, mnaouliza kama shamba lilipona: mpaka naondoka lilikuwa limesimama, pungufu ya kona moja. Sijui kama limesimama leo. Ugonjwa hausikilizi mikutano.

Walikwenda moja kwa moja kutoka shuleni, na mapanga na majembe, nami nikafuata. Niliomba jembe, nikapewa, nikanyang'anywa kwa upole. Wakang'oa, wakakatakata, wakachimba shimo refu. Yule mzee wa kisimani ndiye aliyevuta bati, kamba mkononi. Kazi ilipokwisha watu walianza kujipangusa waondoke.

Mama Deo alikuwa ameziba njia. Alikuwa amewasha moto wa kuni pale uzio unapoishia, mkubwa, na hakuna aliyepita na chuma ambacho hakikupitishwa motoni kwanza, kwa sababu ugonjwa ule husafiri kwenye makali. Panga baada ya panga, jembe baada ya jembe, vikawa vyeusi na kutoa harufu. Waliokuwa na haraka alisema nao. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Alichutama kama wengine, akashika jembe lake juu ya ndimi za moto, akaligeuza upande wa pili.

"Bado, mwenyekiti," alimwambia. "Hapo kwenye shingo."

Akalirudisha. Moshi ulimwingia machoni, lakini hakuondoka mpaka alipoambiwa inatosha.

Nilipokuwa napanda pikipiki ya Fidelis, Mama Deo alikuja kuniaga akifuta mikono kwenye kitenge. Nilitegemea atanishukuru au atanilaumu, na nilikuwa na jibu kwa yote mawili.

"Najua utasimulia," alisema. "Ukisimulia, taja jina langu. Na usiache huu moto."